SI UVIVU: MGONJWA WA MAPAFU NA UCHOVU WAKE

Yawezekana nyumbani kwako yupo mtu ambaye kila asubuhi huamka akiwa amechoka kuliko alivyokuwa wakati wa kulala. Hana homa. Halalamiki maumivu. Anakohoa, naam, lakini kikohozi chake mmekwisha kukizoea kiasi kwamba kisiposikika ndipo mnapogutuka. Ukimtuma dukani atasema atakwenda baadaye; ukimwambia maji ya kuoga yako tayari, atakuomba umwache kidogo. Watoto wameanza kunong'ona. Mkewe, au mumewe, ameanza kusema kwa sauti yale ambayo wengine wanayasema moyoni: kwamba huyu sasa amekuwa mvivu.

Baba yangu mdogo aliitwa hivyo kwa muda wa miaka mitatu, nami nilikuwa mmoja wa waliomwita. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1978 hadi mwaka 2002, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa katika chumba cha kufungulia marobota ya pamba. Wanaovijua viwanda hivyo wanafahamu kuwa ni vyumba vichache vyenye vumbi kukishinda hicho. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuamka alfajiri. Ilipofika mwaka 2016 hakuweza tena kubeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi uani, mwendo wa hatua 40 hivi. Siku moja niliwakuta yeye na mama mdogo wakigombana juu ya ndoo hiyo, nami bila kuuliza lolote nikamwambia kuwa si heshima mwanamume kuketi kivulini huku mkewe akijitwisha maji. Hakunijibu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakunijibu kwa sababu hakuwa na pumzi ya kutosha maneno marefu.

UCHOVU WA NAMNA NYINGINE

Kila mfanyakazi anaujua uchovu. Lakini uchovu wa kazi una chanzo chake na una mwisho wake: umepakia magunia, umesimama mashineni saa nane, umepanda daladala mbili, unakula, unalala, asubuhi umekwisha. Uchovu wa mgonjwa wa mapafu haufuati utaratibu huo. Humjia hata siku ambayo hakufanya kitu. Usingizi hauuondoi. Siku moja humruhusu kwenda sokoni na kurudi, kesho yake humkataza hata kufunga kamba za viatu, na kwa sababu hiyo watu wa nyumbani hudhani anachagua kazi. "Jana aliweza kwenda msibani, leo hawezi kufagia?" Ndiyo, jana aliweza na leo hawezi.

Tunaposema magonjwa sugu ya mapafu hatuna maana ya ugonjwa mmoja. Upo ule ambao mirija ya hewa imekuwa myembamba na vifuko vya hewa vimechakaa kwa sababu ya moshi wa sigara, moshi wa jikoni au vumbi la kazini. Ipo pumu isiyotulizwa vizuri. Yapo makovu yanayobaki baada ya kifua kikuu kupona. Upo ugonjwa wa vumbi la mawe unaowapata wachimbaji wa madini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ule wa kwanza peke yake uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani katika mwaka 2021, na kwamba kati ya wanaouawa nao kabla ya kufika umri wa miaka 70, karibu 9 katika kila 10 ni watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni ugonjwa wetu basi, ijapokuwa hatuusikii ukitajwa kama tunavyosikia malaria.

Wagonjwa wa magonjwa haya yote, wakiulizwa linalowasumbua, hutaja kwanza kukosa pumzi. Mara nyingi la pili ni uchovu. Lakini la pili huulizwa kwa nadra, na mgonjwa mwenyewe huona haya kulisema mbele ya daktari.

KUPUMUA NI KAZI

Wewe usomaye ukurasa huu hivi sasa unapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, wala hukuwa ukifikiri juu ya jambo hilo mpaka nilipolitaja. Kwa mtu mzima wa afya aliyeketi, kazi hiyo hutumia sehemu ndogo tu ya oksijeni anayoivuta, chini ya asilimia 5. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibika sana, kiasi hicho huongezeka mara kadhaa. Yaani kabla hajainuka kitini, kabla hajashika ufagio, tayari yumo kazini.

Kama kifua chako ni kizima, fanya jaribio dogo. Vuta pumzi hadi kifua kijae. Sasa toa kidogo tu, kisha vuta tena. Toa kidogo, vuta tena. Endelea hivyo mara nne au tano huku kifua kikiwa bado kimejaa, halafu acha. Umeona jinsi mabega yanavyopanda na shingo inavyokaza? Hivyo ndivyo anavyoishi mtu ambaye mirija yake huziba wakati wa kutoa pumzi. Hewa ya zamani hubaki ndani, hewa mpya haina pa kuingia. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, husukumwa chini mpaka ukawa bapa, na msuli uliokwisha kuvutwa namna hiyo hauna nguvu ya kuvuta tena. Ndipo misuli ya shingo na mabega inapoitwa kusaidia.

Jambo hili la mabega lina maana kubwa nyumbani kuliko mtu anavyodhani. Mama mwenye maradhi haya anaweza kutembea taratibu hadi dukani bila taabu kubwa, lakini akianika nguo kwenye kamba iliyo juu ya kichwa chake, au akimsuka mwanawe nywele, anaishiwa nguvu katika dakika chache. Watu humshangaa. Wangejua kwamba misuli anayoiinua kuelekea kambani ndiyo ile ile aliyokuwa akiitumia kuvutia pumzi, wasingeshangaa. Shusha kamba ya nguo ifike usawa wa kifua. Gharama yake ni msumari mmoja.

MISULI INAPOSAHAU KAZI YAKE

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko mengine yote, na ambalo sisi wenye huruma ndio tunaolifanya vibaya zaidi.

Mtu akikosa pumzi anapotembea, huogopa. Ni haki yake, kwani hakuna hofu ipitayo ile ya kutafuta hewa na kuikosa. Kwa hiyo hupunguza kutembea. Anayempenda naye humwambia: "Kaa, pumzika, nitakufanyia." Mwezi hupita, miezi sita hupita. Misuli ya mapaja na miguu, ambayo ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, isipotumika huanza kusinyaa kama mche usiotiliwa maji. Msuli dhaifu hutumia oksijeni vibaya. Hukimbilia kuchoka, na unapochoka humwaga katika damu tindikali ambayo huulazimisha mwili kupumua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo yule aliyepumzika ili asikose pumzi, sasa anakosa pumzi kwa mwendo mfupi kuliko wa awali; naye hupumzika zaidi; na misuli husinyaa zaidi.

Ndiyo maana daktari anaweza kumpima mgonjwa kwa kile kifaa kidogo kinachobana kidole akakuta oksijeni katika damu haina kasoro, na bado mgonjwa akawa amechoka kweli kweli. Kosa haliko katika mapafu peke yake tena. Limeshuka miguuni. Baba mdogo alipopelekwa kliniki mwaka 2019, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia asimame kutoka kitini mara tano bila kushika popote. Alisimama mara tatu. Mtu huyu alikuwa akibeba marobota! Nikatazama mapaja yake yaliyokuwa yamelegea ndani ya suruali, nikakumbuka ile siku ya ndoo.

Wengine oksijeni yao ni pungufu kweli, na hao wana dawa yao. Utafiti uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1980, na mwingine wa Uingereza wa mwaka 1981, ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni akipewa hewa hiyo kwa saa 15 au zaidi kila siku huongezewa maisha. Lakini asiye na upungufu hapati faida hiyo. Hivyo familia isiuze kiwanja kununua mtungi kabla ya kupima.

CHAKULA, USIKU NA DAWA

Kazi ya kupumua inakula chakula. Mgonjwa anayehema mchana na usiku hutumia nguvu nyingi, na wakati huo huo hula kidogo, kwa sababu tumbo likijaa husukuma kiwambo juu na kumbana. Kutafuna na kumeza nako kunataka pumzi. Hapo ndipo uzito unapopungua, na uzito ukipungua ni msuli unaoliwa, si mafuta peke yake. Aliye na hali hiyo asiandaliwe sinia moja la ugali saa nane mchana kisha akalaumiwa kwa kulibakiza. Apewe kidogo kidogo mara tano au sita: uji uliotiwa karanga, yai, maharage, dagaa, parachichi, maziwa. Apumzike kidogo kabla ya kula. Ale akiwa ameketi wima. Na kabla ya kudhani kila kitu ni mapafu, damu yake ipimwe, kwani upungufu wa damu ni jambo la kawaida katika maradhi ya muda mrefu, na damu ikiwa pungufu hata hewa safi itakosa chombo cha kuibeba.

Usiku nao una mambo yake. Kikohozi humwamsha saa saba, kifua humwamsha saa kumi. Wengine koo huziba usingizini, wakakoroma kwa nguvu, wakanyamaza ghafla, kisha wakashtuka kama waliozama majini. Hao asubuhi huamka na kichwa kizito na mchana husinzia hata wakiwa na wageni. Ukiyaona haya, mwambie daktari, kwa maana mgonjwa mwenyewe hawezi kujisikia akikoroma.

Halafu zipo dawa, jambo ambalo wengi hatulifikirii. Salbutamoli, ile ya kuvuta kwa pampu, ikitumiwa kupita kiasi hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio. Aminofilini ikimezwa jioni yaweza kumnyima mtu usingizi. Prednisoloni ya vidonge, ambayo hutuliza kifua upesi na kwa hiyo hupendwa sana, ikimezwa miezi na miezi hudhoofisha misuli ya mapaja, ile ile tuliyokuwa tukiizungumza. Wapo watu wanaoinunua dukani kila wanapobanwa bila ya cheti, na huu ni mchezo wa hatari. Lakini aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla kwa kusoma makala haya. Mwili wake umeizoea, na kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha. Aende akapangiwe namna ya kuipunguza. Kadhalika zipo dawa za moyo na za shinikizo la damu, kama propranololi, zinazoweza kuibana mirija ya mwenye pumu. Bebeni dawa zote katika mfuko mmoja mkazionyeshe, pamoja na zile za jirani.

MOYO ULIOINAMA

Mtu aliyekuwa akilisha nyumba, akageuka kuwa mtu wa kupelekewa maji ya kunawa, hawi mzima moyoni. Sonona huwapata wagonjwa wengi wa mapafu, na sonona yenyewe ni uchovu: humwondolea mtu hamu ya kula, ya kuzungumza, ya kunyoa ndevu. Hofu nayo hukaza misuli na kuharakisha pumzi. Katika hali kama hiyo neno "mvivu" halipiti tu masikioni. Mgonjwa hulichukua, akalikubali, akaacha kujaribu. Baba mdogo aliacha kwenda msikitini kwa sababu hakutaka watu wamwone akisimama mara mbili njiani. Sisi tukasema imani imepungua.

Wala si kila neno la huruma ni jema. Kumnyang'anya mtu kila kazi ni kumwambia kwa adabu kwamba hatakiwi tena. Mwachie kazi zake, zile za kukaa: kuchambua mchele, kumenya viazi, kuwasomesha watoto hesabu, kutunza daftari la matumizi.

VUMBI NA MOSHI

Tusiache kutaja yanakotoka haya yote. Vumbi la pamba lina alama yake ya ajabu: mfanyakazi hubanwa kifua siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, yaani Jumatatu, kisha hupata nafuu kadiri juma linavyoendelea. Katika miaka ya 1950 daktari Richard Schilling aliwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, akazipanga hatua za ugonjwa huo kwa kufuata dalili hiyo ya Jumatatu. Mwanzoni ni Jumatatu peke yake. Baadaye huingia siku nyingine. Mwishowe mtu hubanwa siku zote, na hapo mapafu hayarudi tena kama yalivyokuwa. Baba mdogo anasema wao walikuwa wakicheka na kuuita ulevi wa Jumapili. Hakuna aliyewaambia vingine, wala vitambaa vya kuziba pua havikugawiwa. Ewe unayefanya kazi kwenye pamba, katani, saruji, unga au mbao, ukiona Jumatatu yako ni nzito kuliko Ijumaa, usiicheke.

Kule Mirerani, wilayani Simanjiro, wachimbaji wa tanzanaiti hutoboa miamba, na vumbi la miamba hiyo lina chembe kali ambazo zikishaingia mapafuni hazitoki. Tena humfungulia mlango kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambayo tangu enzi za ukoloni imekuwa ikitibu kifua kikuu, imewapokea wengi wa wachimbaji hao. Yafaa kusema pia kwamba aliyemaliza dozi ya kifua kikuu na kuambiwa makohozi yake ni safi, kisha akaendelea kuchoka na kuhema, hadanganyi. Wadudu wamekufa, lakini kovu limebaki. Arudi kupimwa, asichekwe.

Na jikoni? Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, ndiyo maana tunauamini. Lakini jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huikalia damu mahali pa oksijeni na kumwacha mpishi na kichwa kinachouma na miguu mizito. Kwa mtu ambaye mapafu yake ni mabovu tangu hapo, jiko hilo ni mzigo juu ya mzigo. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hadi mtungi wa gesi utakapofika kwako na ukaweza kuujaza, toa jiko nje, au fungua dirisha na mlango, na mgonjwa asiketi karibu. Sigara sina haja ya kuieleza. Aache; na wanaovuta karibu naye waache pia.

MATEMBEZI KAMA DAWA

Dawa iliyothibitishwa zaidi kwa uchovu huu haiuzwi dukani. Ni mazoezi yaliyopangwa, yanayofuatana na mafunzo ya kupumua, ya kula na ya kutumia dawa. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio 65 ya namna hii, yenye wagonjwa 3,822 kwa jumla, wakakuta kwamba waliofanya mazoezi walipungukiwa na uchovu na kuhema, na mioyo yao ikachangamka, kuliko wale waliopewa huduma za kawaida tu. Wala si jambo la Ulaya peke yake. Kule Kampala, Uganda, wataalamu waliwapitisha watu waliobakiwa na makovu ya kifua kikuu katika mazoezi ya majuma sita, na matokeo mazuri waliyoyapata yakatangazwa mwaka 2017. Hayakuhitajika mashine za fahari. Mtu hutembea, hupanda ngazi, husimama na kuketi kitini, huinua chupa za maji.

Kwanza daktari amwangalie mgonjwa moyo na kifua. Akiruhusiwa, aanze kidogo kuliko anavyodhani anaweza. Kuhema kidogo wakati wa mazoezi si hatari, mradi aweze kutamka sentensi fupi; ashindwapo hata kutamka, amepita kiasi. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta kabla ya kutembea, aivute. Apumue hivi: avute kwa pua taratibu, kisha atoe kwa midomo iliyokaribiana, kama mtu anayepoza uji wa moto, na kutoa kuchukue muda mrefu mara mbili ya kuvuta. Pumzi inayotoka polepole huizuia mirija isifunge upesi, na ile hewa ya zamani hupata njia. Anapobanwa asilale chali, bali aketi akiinamia mbele, viwiko juu ya magoti, au asimame akiegemea ukuta.

Kazi za siku zipangwe. Kila mgonjwa ana saa zake nzuri, aghalabu baada ya kikohozi cha asubuhi kutulia na dawa kufanya kazi. Kazi nzito iwekwe hapo, si mara baada ya kula. Aoge akiwa ameketi kwenye stuli. Maji yachotwe kwa kidumu kidogo mara mbili badala ya ndoo moja. Kitu cha kuinuliwa kiinuliwe wakati wa kutoa pumzi, si wakati wa kuvuta. Na siku aliyojisikia vizuri asiimalize kwa kufua nguo za nyumba nzima, maana atalala siku mbili, na ndipo watu watakapopata la kusema.

Zipo nyakati ambazo uchovu si wa kungojea. Ukiongezeka katika siku moja au mbili pamoja na homa, au makohozi yakibadilika rangi na kuzidi, miguu ikivimba, midomo ikiwa ya samawati, mgonjwa akisinzia isivyo kawaida au akazungumza maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Katika siku za kawaida za kliniki, asiishie kusema "nimechoka." Aseme: mwezi uliopita nilifika kwenye duka la kona bila kusimama, sasa nasimama mara mbili. Aseme anaamka mara ngapi usiku, nguo zake zimempwaya kiasi gani, dawa gani anazitumia na ngapi kwa siku. Maneno hayo daktari anaweza kuyafanyia kazi.

Baba mdogo alipoanza matembezi yake alihesabu nguzo za umeme za mtaa wetu wa Tandika. Juma la kwanza alifika nguzo ya nne akaketi kwenye kibaraza cha watu. Mama mdogo alimfuata nyuma na kigoda, jambo lililomkera sana. Mwezi wa tatu alifika nguzo ya kumi na moja, na kigoda kikabaki nyumbani. Mapafu yake hayakupona, wala hakuna aliyemwahidi kuwa yatapona. Mwaka juzi alilazwa siku nane kwa homa ya kifua, akarudi nguzo ya tano, akaanza tena. Ndoo habebi. Lakini msikiti uko nguzo ya kumi na sita, na Ijumaa anaanza safari nusu saa kabla ya wenzake. Ijumaa iliyopita nilimkuta njiani nikiwa ndani ya gari la rafiki, tukasimama kumpa nafasi. Alitupungia mkono tuendelee, akatoa pumzi taratibu kama anayepoza uji, kisha akasema kwa pumzi moja, "Nendeni, nimebakiza nguzo tatu."